The Hay Wain ya John Constable: Yanayosemwa na Yanayoonekana

Picha ya mchoraji Mwingereza John Constable iitwayo The Hay Wain (yaani gari la kubebea nyasi kavu), iliyo katika jumba la sanaa la National Gallery mjini London, imechapishwa mno kwenye kalenda na mikebe ya biskuti, hata watu wengi huihukumu kabla hawajaitazama.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mchoraji aliketi kando ya mto akanakili alichokiona. Mahali ni pa kweli: ni mto Stour, mashariki mwa Uingereza, jirani na kinu cha Flatford kilichomilikiwa na babake Constable, na nyumba iliyo kushoto ni ya mkulima Willy Lott. Hata hivyo, picha yenyewe, yenye upana wa sentimita 185 na kimo cha 130, ilichorwa London katika majira ya baridi ya 1820 na 1821, kwa kutegemea michoro midogo ya miaka ya nyuma pamoja na rasimu yenye ukubwa uleule wa picha kamili, ambayo leo imo katika makumbusho ya Victoria and Albert. Katika rasimu hiyo, kando ya mbwa aliyesimama ukingoni, yupo mtu juu ya farasi. Constable alimwingiza pia katika picha kamili, akaona hafai, akachora pipa mahali pake, kisha pipa nalo akalifunika kwa rangi. Mnakili hapati taabu ya namna hiyo.

Wapo pia wanaodhani kuwa anga ni pazia tu la nyuma. Oktoba 1821 Constable alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba katika mandhari anga ndiyo hasa inayobeba hisia, na katika miaka hiyo alichora mawingu mara kwa mara huko Hampstead, kitongoji cha London, akiandika nyuma ya michoro tarehe, saa na mwelekeo wa upepo. Ukielewa hivyo, utaona kwamba mwanga unaomulika konde la mbali, huku sehemu za mbele zikibaki kivulini, unatokana na mawingu ya anga hiyohiyo.

Husemwa tena kuwa ni picha ya mapumziko, ambamo hakuna linalotendeka. Kumbe gari tupu linalokokotwa na farasi watatu linavuka maji kuelekea kondeni, ambako wavunaji wa nyasi wanapakia gari jingine, na mwanamke yuko ukingoni mwa maji karibu na nyumba. Tazama matandiko ya farasi: wekundu wake mdogo ndio unaoufanya ukijani wote uchangamke, na katika nakala zilizofifia hupotea kabisa. Wanaomlaumu Constable kwa kuficha dhiki ya vibarua wa mashamba, kwa maoni yangu, wana hoja, kwa kuwa baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815 bei ya nafaka ilianguka, na vibarua wa mashariki mwa Uingereza walifanya ghasia mwaka 1816 na tena 1822. Lakini Constable, mwana wa mwenye kinu, alichora mashamba ya utoto wake.

Wala si kweli kwamba Waingereza waliigombania tangu mwanzo. Ilipoonyeshwa katika Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 1821, kwa jina la Mandhari: Adhuhuri, haikupata mnunuzi. Ni Wafaransa walioishangilia katika maonyesho ya Paris ya 1824, na mfalme Charles X akamtunuku Constable nishani ya dhahabu. Iliingia National Gallery mwaka 1886, ikiwa zawadi ya Henry Vaughan.