Jina la shuleni, jina la cheti: pasipoti ya mtoto aliyebadilishwa jina kienyeji

Mtoto anaweza kuitwa jina fulani la ukoo kwa miaka minane, akalizoea, akaliandika kwenye kila daftari, na bado jina hilo likawa halipo popote kisheria. Hakuna anayesumbuka nalo mpaka familia itake kusafiri. Hapo ndipo mzazi anapojaza fomu ya pasipoti, akafika kwenye kisanduku cha jina la ukoo na kukwama.

Kazi yangu ni kuziandalia familia hati za usajili na za safari, na katika maombi ya watoto hakuna linalotoa machozi kama hili. Nyuma yake karibu kila mara kuna jambo zito: ndoa iliyovunjika, baba asiyejulikana aliko, mama aliyeolewa tena akataka watoto wote wa nyumba wawe na jina moja, bibi aliyemlea mjukuu tangu akiwa mchanga. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kudanganya. Siku ya kuandikisha shule mwalimu aliuliza jina, mzazi akataja lile linalotumika nyumbani, likaandikwa. Kadi ya kliniki ikafuata jina la shule, bima ikafuata kadi ya kliniki. Baada ya miaka michache mtoto ana rundo la karatasi zenye jina moja, na cheti cha kuzaliwa peke yake kina jingine.

Mzazi huamini kuwa rundo litakishinda cheti. Halikishindi. Ofisi ya pasipoti haimpi mtu jina; inalichukua kutoka kwenye hati iliyotangulia. Ofisa hana haja ya kujua mtoto anaitwaje nyumbani. Anachotaka ni karatasi inayosema hivyo, iliyotolewa na mtu mwenye mamlaka ya kusema. Barua ya mwalimu mkuu inathibitisha kwamba mtoto anasoma pale kwa jina lile. Haithibitishi kwamba jina ni lake.

Ugumu huu una sababu. Vipimo vya pasipoti hutoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303. Tazama chini ya ukurasa wenye picha: pana mistari miwili ya herufi, kila mmoja una nafasi 44. Kwenye mstari wa kwanza, nafasi 5 za mwanzo ni za aina ya hati na nchi iliyoitoa, na 39 zilizobaki ni za jina. Jina la ukoo hutangulia, zikafuata alama mbili za <<, kisha majina mengine. Hicho ndicho mashine ya mpakani inachokisoma, na hapo hapana nafasi ya kuandika "pia anajulikana kama". Zipo nchi zinazokubali kulitaja jina la pili kwenye ukurasa wa maelezo, lakini mashine haiusomi ukurasa huo, na tiketi ya ndege hufuata ukurasa wa picha.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya karatasi yoyote, amua kwanza: je, unataka mtoto asafiri, au unataka mtoto abadilishwe jina? Ni mambo mawili, na wazazi wengi huyabeba kwa pamoja wakakwama kwenye yote. Safari ikiwa karibu, ushauri wangu hauyumbi: omba pasipoti kwa jina la cheti cha kuzaliwa. Kwenye sehemu inayouliza majina mengine aliyowahi kutumia, andika lile la shuleni bila kuficha. Kisha viza, tiketi na bima ya safari vyote vifuate jina la pasipoti, herufi kwa herufi.

Najua ushauri huu unauma. Mama mmoja aliniambia anaona kama anamrudisha mwanawe kwa mtu aliyewatelekeza. Namwelewa kabisa. Lakini pasipoti ya mtoto haidumu maisha yote. Uingereza na Marekani, kwa mfano, aliye chini ya miaka 16 hupewa ya miaka 5. Jina likibadilishwa rasmi baadaye, pasipoti mpya itatolewa kwa jina jipya.

Hapa katikati kuna karatasi ambayo watu huilipia bila kujua kazi yake: hati ya kiapo. Kiapo hakibadilishi jina. Kinachofanya ni kuunganisha majina mawili kwa mtu mmoja: mimi fulani, mzazi wa mtoto aliyezaliwa tarehe fulani, cheti namba fulani, naapa kwamba mtoto huyo ndiye yuleyule anayejulikana shuleni kwa jina fulani, tangu mwaka fulani, kwa sababu fulani. Kiapo kizuri hutaja namba ya cheti, huandika majina yote mawili kwa ukamilifu na hueleza sababu kwa sentensi moja au mbili za kweli. Nimeona viapo vya kurasa tatu vinavyosimulia ugomvi wote wa ndoa, halafu namba ya cheti haimo. Kiapo cha namna hiyo hakimsaidii ofisa hata kidogo.

Kama unachotaka ni jina lenyewe, njia hutegemea sheria ya nchi: hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, amri ya mahakama, au kuasili mtoto pale ambapo baba wa kambo anataka kuwa mzazi kisheria. Marekani inao mlango mwembamba kwa aliyebadili jina bila hati. Lazima aonyeshe kwamba amelitumia jina jipya peke yake, hadharani, kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 5, pamoja na viapo vya watu waliomfahamu kwa majina yote mawili. Kwa mtoto wa miaka sita mlango huo haupitiki kirahisi, na hata akipita, ridhaa ya wazazi wote wawili bado itahitajika.

Njia moja nawasihi wazazi wasiiguse. Ni ile ya kwenda kwa msajili na kusema cheti kilikosewa, ili jina la baba wa kambo liingie mahali pa baba mzazi. Marekebisho ya rejista ni kwa ajili ya makosa: herufi iliyoruka, tarehe iliyopinduliwa. Mtoto alipozaliwa, jina lile halikuwa kosa. Kulieleza kuwa kosa ni kutoa taarifa ya uongo, na uongo huo utamfuata mtoto kwenye uraia, mirathi na ndoa yake. Atakuja kujua akiwa mtu mzima, wakati wewe pengine haupo kueleza. Hapa silegezi, hata mzazi akilia mbele yangu.

Sasa tuje kwenye mwiba wenyewe, yaani mzazi wa pili. Ridhaa zinazohitajika ni mbili, na ni tofauti. Mzazi anaweza kuridhia mtoto apate pasipoti akakataa katakata asibadilishwe jina. Saini yake kwenye fomu ya pasipoti haina maana kwamba amekubali jina jipya, na nimeona maombi mengi yakikataliwa kwa kuchanganya haya. Chukua ridhaa zote mbili kwa maandishi, kila moja kwenye karatasi yake, na ya jina ilitaje jina jipya kwa ukamilifu.

Wengi huniuliza: "Lakini mahakama imenipa mtoto mimi, si ninaamua?" Si lazima. Kuishi na mtoto ni jambo moja, kumbadilisha jina ni jingine. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1989, kifungu cha 13, inalisema wazi: pakiwa na amri ya mahakama kuhusu mtoto anaishi na nani, hakuna ruhusa ya kufanya mtoto ajulikane kwa jina jipya la ukoo bila ridhaa ya maandishi ya kila mwenye wajibu wa mzazi, au idhini ya mahakama. Angalia maneno yenyewe: "ajulikane". Kumwandikisha shule kwa jina jipya kunaingia humo, hata kama hukugusa hati yoyote. Nchi nyingine zina maneno yake, kwa hiyo isome amri yako ya malezi mstari kwa mstari kabla ya kudhani inakuruhusu.

Mzazi wa pili akiwa amefariki, peleka cheti cha kifo. Akiwa hapatikani, usiandike tu "hajulikani aliko". Kusanya ujumbe uliomtumia, barua zilizorudi, majibu ya ndugu zake, kisha omba mahakama iamue bila yeye. Mahakama huuliza swali moja kubwa: maslahi ya mtoto yako wapi? Inaangalia amelitumia jina hilo kwa muda gani, uhusiano wake na pande zote mbili, na sababu ya mzazi anayeomba. Hasira kwa mwenzako haihesabiwi kuwa sababu.

Na mtoto mwenyewe asikilizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unampa haki ya jina tangu kuzaliwa katika ibara ya 7, unalinda utambulisho wake pamoja na jina katika ibara ya 8, na ibara ya 12 inampa haki ya kutoa maoni yake kulingana na umri na upeo wake. Mtoto wa miaka kumi anajua anavyojiita. Mweleze mapema kwamba pasipoti ina jina jingine na kwa nini. Ofisa wa mpakani anaweza kumuuliza yeye moja kwa moja, na mtoto akitaja jina tofauti na lililoandikwa, maswali yanaanza.

Mkisafiri na majina ya ukoo yasiyofanana, beba nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kuzaliwa kinachokutaja wewe kama mzazi, barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, na amri ya mahakama kama ipo. Karatasi iliyotolewa nchi moja ikitumika nyingine huenda ikadaiwa apostile, ule uthibitisho wa saini na muhuri wa hati chini ya Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, kwa hiyo uulizie wiki kadhaa kabla.

Pasipoti ikishatoka, usisahau shule. Kabla ya mtoto kusajiliwa kwa mtihani wowote wa taifa, jina la rejista ya shule lilingane na cheti chake, au mchakato wa kubadili jina uwe umekamilika. Cheti cha mtihani kikishachapwa kwa jina la kienyeji, kukibadilisha ni kazi ngumu kuliko hizi zote, na atakayeifanya ni mwanao mwenyewe, siku anayoomba chuo.