Maji kichwani kwa mtoto mchanga: ubongo huumiaje, na tiba hurudisha nini?

Swali: Maji hayo hutoka wapi?

Jibu: Ubongo wenyewe huyatengeneza ndani ya vyumba vyake vinne, na kwa mtu mzima hufika kiasi cha nusu lita kila siku. Huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kurudi katika damu. Njia yake ikiziba, iwe kwa hitilafu ya kuzaliwa nayo inayoambatana na mgongo wazi, kwa damu kuvuja katika ubongo wa mtoto njiti, au kwa makovu ya maambukizi ya siku za mwanzo, maji huendelea kutengenezwa vilevile na vyumba hutanuka. Mama hakukosea kwa kunywa maji mengi alipokuwa mjamzito.

Swali: Seli huumia vipi hasa?

Jibu: Wengi hudhani seli huoza kwa kulowa, ilhali maji hayo huwa nazo maisha yote. Zinaumizwa na kuvutwa na kubanwa. Huanza kuumia nyuzi ndefu ambazo seli hupelekeana habari, kwa kuwa nyingi hupita ubavuni mwa vyumba vinavyotanuka. Zikiwemo ziendazo miguuni, ndiyo maana miguu mara nyingi hukakamaa zaidi kuliko mikono. Mishipa midogo ya damu nayo hubanwa, oksijeni na sukari zikapungua, na taka za seli zikakosa pa kutokea. Mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, huharibika, na kwa mtoto mchanga ambaye ndiyo kwanza anaujenga, ujenzi hukwama. Seli za gamba la juu la ubongo huchelewa kufa, na kuchelewa huko ndiko kunakotupa nafasi ya kutibu.

Swali: Je, tiba huurudisha ubongo ulivyokuwa?

Jibu: Seli iliyokufa hairudi. Iliyobanwa tu inaweza kufufua kazi yake maji yakipunguzwa, ama kwa mrija unaoyashusha hadi tumboni, ama kwa kutoboa njia mpya ndani ya ubongo, jambo ambalo Dk. Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, aliliunganisha na kuchoma tishu zinazotengeneza maji alipokuwa Mbale, Uganda. Damu hupita tena, kutapika na usingizi mzito huweza kuondoka kwa siku chache, na mielini huendelea kujengwa kwa miezi. Hata picha ya siti skani huonyesha ukuta wa ubongo ukinenepa, na hapo wazazi, na sisi wahudumu pia, hufurahi mapema mno, kwani unene huo haumaanishi kwamba seli zilizokufa zimezaliwa upya. Mtazameni mtoto mwenyewe: je, anakaza shingo, anakaa, anaifuata sura ya mama kwa macho? Nuru ya macho iliyopotea kwa mshipa wa fahamu kufa kwa kawaida hairudi, na maambukizi makali huweza kuwa yameshaua seli kabla maji hayajajaa.

Swali: Nikiwa Pemba, nitatambuaje mapema?

Jibu: Mketishe mtoto akiwa ametulia, umguse utosi. Unapaswa kuwa laini na bapa, au umebonyea kidogo. Ukiwa umetuna na kukaza, ni dalili, kama ilivyo kwa macho yanayoelekea chini huku weupe ukionekana juu ya mboni. Kofia iliyomwenea mwezi uliopita ikigoma kuingia, mpelekeni akapimwe. Tepu hupita juu ya nyusi na kuzunguka kisogo panapochomoza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi, kinachoongezeka takribani sentimita 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwanzo. Bibi atasema kachukua kichwa cha babu yake, na huenda ni kweli, lakini tuiachie tepu iamue. Upasuaji wa ubongo hufanyika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa hiyo ombeni rufaa mara moja.

Swali: Akishawekewa mrija, amepona?

Jibu: Mrija huweza kuziba au kupata maambukizi, hata baada ya miaka, na ubongo ukaanza kubanwa upya. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata homa au utosi ukituna, msingoje siku ya kliniki. Chukueni na picha zake za zamani, kwa sababu daktari atataka kulinganisha vyumba vya leo na vya siku alipokuwa hana dalili.