Je, wajua kwa nini nchi hununua nje kitu inachokimudu kuliko muuzaji?

Biashara kati ya nchi mbili haimsumbui mwanafunzi wa uchumi pale kila moja inapokuwa na chake: huyu ana samaki, yule ana nafaka, wanabadilishana, yamekwisha. Kichwa huanza kuuma pale nchi moja inapoishinda nyingine kwa kila kitu. Bingwa huyo anunue nini kwa aliyeshindwa? Na aliyeshindwa auze nini?

Jibu alilitoa David Ricardo mwaka 1817. Alikuwa Mwingereza aliyetajirikia kwenye soko la hisa la London, kisha mwaka 1819 akaingia bungeni. Mfano wake una nchi mbili, Uingereza na Ureno, na bidhaa mbili, kitambaa na mvinyo. Hesabu yenyewe ni fupi, lakini usiipite mbio. Chukua karatasi.

Huko Uingereza, robota moja la kitambaa linahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka, na pipa moja la mvinyo watu 120. Huko Ureno, robota kama hilo linahitaji watu 90, na pipa watu 80 tu. (Robota na pipa nimeviweka mimi ili tuone kitu machoni, namba ni zake, nazo ni za mfano, si takwimu za viwandani.) Ureno inashinda kote kuwili.

Kila nchi ikijitengenezea robota moja na pipa moja, Uingereza itatumia watu 220, Ureno 170. Sasa tugawe kazi. Uingereza iachane na mvinyo, ifume marobota mawili: watu 200. Ureno iachane na kufuma, ijaze mapipa mawili: watu 160. Halafu wabadilishane robota moja kwa pipa moja. Kila upande una robota lake na pipa lake kama mwanzo, ila Uingereza imebakiwa na watu 20 na Ureno watu 10, wote huru kufanya kazi nyingine. Hakuna aliyeongeza bidii wala aliyenunua mashine mpya.

Hao watu 30 wametoka wapi? Sisi tulikuwa tunauliza nani anafuma kwa watu wachache zaidi. Mchumi anauliza kingine: Ureno ikifuma, inakosa nini? Kile kilicho bora zaidi unachokiacha ili upate ulichochagua ndicho wachumi hukiita gharama ya fursa, na kwa maoni yangu ndilo wazo la kwanza mwanafunzi anapaswa kulishika, kabla hata ya kuchora mistari ya ugavi na mahitaji. Watu 90 wanaofuma robota moja Ureno wangeweza kutoa pipa moja na ziada, yaani mapipa 1.125. Wale 100 wa Uingereza wangetoa takriban pipa 0.83 tu. Kwa hiyo robota la Ureno, ingawa limepita katika mikono michache, ndilo lililo ghali: limekula mvinyo mwingi zaidi.

Uingereza basi ina faida linganishi, yaani gharama ndogo zaidi ya fursa kuliko mwenzake, kwenye kitambaa, na Ureno kwenye mvinyo. Wala haiwezekani nchi moja iwe nayo kwenye vyote viwili, kwa sababu uwiano ni uleule, umegeuzwa tu. Anayefuma kwa kupoteza mvinyo kidogo, lazima akitengeneza mvinyo apoteze kitambaa kingi.

Na bei je? Robota likiuzwa chini ya mapipa 0.83, Uingereza itaona heri itengeneze mvinyo wake. Likipita 1.125, Ureno itarudi kufuma. Popote katikati wote wawili wanapata, ila hawapati sawa. Mchumi Mwingereza John Stuart Mill ndiye aliyekuja kueleza baadaye kwamba bei itakapoangukia hutegemea kila upande unavyohitaji bidhaa ya mwenzake.

Kuna mambo hesabu hii imeyanyamazia. Inachukulia kwamba mfumaji wa Ureno ataamka kesho akiwa mkulima wa mizabibu, na haisemi nani atamlisha wakati anajifunza. Nchi kwa jumla inaweza kupata huku yeye akikosa. Gharama za usafirishaji hazimo, na mtaji unadhaniwa kubaki kwao.

Hata mfano wenyewe una historia yake. Zaidi ya karne moja kabla ya Ricardo kuandika, mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 uliifungulia sufu ya Uingereza soko la Ureno, na mvinyo wa Ureno ukatozwa nchini Uingereza ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa Ufaransa. Mapipa yaliyoshushwa bandarini London yalisukumwa na ushuru huo pia, si na uwiano wa 80 kwa 120 peke yake.