Dipresheni ya uchumi ni nini hasa, na mbona si ile bei ya unga tunayolilia

Unga ukiongezeka hata shilingi kumi tu, hapa kwa ploti yetu Umoja, Nairobi, lazima utaskia mtu akisema uchumi umekufa, tuko kwa dipresheni sasa. Hasira yake naielewa, mimi pia nanunua huo unga, lakini hiyo si dipresheni, hiyo ni mfumuko wa bei. Kwa mfumuko pesa zinazunguka ila zimeisha nguvu. Dipresheni, au mdororo mkuu kama wanavyosema kwa habari, ni kinyume: mara nyingi bei zinashuka, mali imejaa dukani mpaka inashika vumbi, na bado hakuna anayenunua, kwa sababu wengi hawana kitu na yule aliye nacho amekifunga kwa leso anaogopa kukitoa.

Kuna mdogo wake, mdororo wa kawaida, ule uchumi unasinyaa kidogo halafu unasimama tena. Sisi tuliuona 2020 wakati wa korona, uchumi wa Kenya ulipungua kama asilimia 0.3, na ona vile hiyo sufuri nukta tatu ilituchapa! Dipresheni inaenda chini sana na inakaa miaka. Hakuna refa wa kupuliza kipenga aseme sasa tumevuka mstari, watu wanajijua tu.

Inaanzaje? Chukua fundi wa makochi pale soko la Gikomba. Wateja wake wameskia kuna kufutwa kazini, hawajafutwa bado, wameskia tu, basi wanasema kochi lingoje mwaka ujao. Fundi ana vijana wawili, anamwachisha mmoja. Huyo kijana alikuwa anakula chapo madondo kwa kibanda kila saa saba, na si yeye pekee ameacha kuja, kwa hivyo mama wa kibanda aliyekuwa anakanda pakiti nne za unga sasa anakanda mbili, na mwenye duka anashangaa mbona stoki haitoki. Kila mmoja hapo amefanya jambo la busara kwake binafsi, na wote pamoja wamejikaba koo.

Ile kubwa yenyewe ni ya 1929. Marekani watu walikuwa wananunua hisa kwa deni, unalipa kidogo zingine unakopa, na ilikuwa tamu bei zikipanda. Tarehe 24 na 29 Oktoba soko la New York likaporomoka, na halikukomea hapo, kufikia Julai 1932 hisa zilikuwa zimepoteza karibu asilimia 90 ya thamani. Lakini ukiniuliza, soko la hisa peke yake halingeua nchi. Kilichoua ni benki. Pesa yako haikai kwa droo ikikungoja, imekopeshwa mtu mwingine, sasa uvumi ukitoka kwamba benki fulani haina kitu, wote wanapanga foleni siku moja na hata benki nzuri inaanguka. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa kama 9,000 huko, na akiba za watu zikaenda nazo, maana hakukuwa na bima ya amana ya taifa kama hii yetu ya leo inayokulinda hadi shilingi 500,000. Benki kuu ikaacha pesa zipungue tu, na juu ya hayo Juni 1930 Marekani ikapandisha ushuru kwa bidhaa za nje, wenzake wakalipiza, biashara ya dunia ikakauka. 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Ujerumani wasio na kazi walikuwa wamefika milioni 6 mwaka uliotangulia, na Januari 1933 Hitler akaingia madarakani. Nchi zilizoacha mapema kufunga pesa yao kwa dhahabu, yaani kutoa pesa kulingana na dhahabu iliyo akibani tu, ndizo zilipumua mapema, Uingereza 1931, Ufaransa ikang'ang'ana mpaka 1936.

Sasa kitu watu husahau, bei zikishuka deni haishuki. Hata hapa Kenya ya mkoloni iliuma hivyo: bei ya mahindi, kahawa na mkonge ilianguka, walowezi wakakata mishahara ya vibarua, lakini kodi ya nyumba ambayo serikali ya mkoloni ilitoza Waafrika ilibaki shilingi 12. Shilingi ni zile zile, jasho la kuzipata ndio liliongezeka.

Na mtu mwenyewe je, njaa kando? Kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kiwanda cha nguo kilifungwa karibu kila nyumba ikakosa kazi, watafiti wakaenda kukaa pale mwanzoni mwa miaka ya 1930. Walisimama na saa wakipima mwendo wa watu barabarani, wakapata wanaume wanatembea pole pole na kusimama simama njiani, wanawake wanapita haraka kwa sababu kazi ya nyumbani haifutwi. Maktaba ya kijiji, eti muda upo sasa si wangesoma? Waliazima vitabu vichache kuliko wakati walikuwa na kazi.

Hiyo ya mwendo ilinikumbusha jirani fulani. 2020 alifutwa kazi na hakuambia mtu, kila asubuhi anaoga, anapiga pasi shati, saa kumi na mbili na nusu ametoka na begi ya laptopu mgongoni tunasalimiana kwa ngazi. Siku moja saa tano nikamwona bustani ya Jeevanjee amekaa kwa benchi, begi mapajani, nikajifanya sijamwona. Jioni tukapatana tena kwa ngazi, akaniuliza kazi ilikuwaje leo, nikamwambia sawa tu, na yako, akasema manze leo tumechapa kazi mbaya.