Fomu Kajaza Kishoka, Saini ni Yako

Kwenye dirisha letu la madai ya mafao, katika mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Mwanza, hakosekani mtu mwenye bahasha ya kaki asiyejua kilichoandikwa ndani. Ukimuuliza, anakujibu: "Alijaza kijana wa steshenari pale stendi."

Mama mmoja alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani. Aliacha kazi mwenyewe, akarudi Sengerema kumuuguza mama yake. Kishoka, yaani mjaza fomu wa mtaani asiye mtumishi wetu, akamwekea tiki penye "kuachishwa kazi" na kumwambia, "Ukisema umeacha, hupati kitu."

Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana wengi wananasa. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Ni la aliyepoteza kazi bila kupenda na amechangia angalau miezi 18. Hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Nusu aliyoificha ni kwamba michango ya mama yule haijapotea. Akipata kazi nyingine, au akijiajiri, ataendelea pale alipoishia.

Mwajiri naye huleta barua yake. Yake ilisema "ameacha kazi". Karatasi mbili zikigombana, dai husimama, na anayeitwa kujieleza ni mwenye saini. Kishoka simu yake haipatikani.

Jina nalo lina vituko vyake: kitambulisho cha taifa kinasema Mabula, kiwandani waliandika Mabhula. Usikubali mtu "akunyooshee" kwa kalamu. Hilo linatibika kwa hati ya kiapo.

Linaloninyima usingizi zaidi ni mirathi ya mwanachama aliyefariki, kwa sababu msimamizi wa mirathi ni mwakilishi mwenye nguvu ya mahakama. Akimruka mtoto aliyeko Ukerewe kwa mama mwingine, sisi dirishani hatumwoni mtoto huyo; tunaona majina yaliyoletwa tu. Ukihisi mwanao ameachwa, nenda Mahakama ya Mwanzo iliyomteua, ukiwa na namba ya shauri na cheti cha kuzaliwa. Msimamizi anatakiwa kupeleka huko taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kwa hiyo uliza mapema. Nakala ya barua yako tuletee na sisi kabla fedha hazijatoka. Zikishatoka, kuzirudisha ni shughuli.

Kabla ya kuweka saini au dole gumba, fomu isomwe kwa sauti na mtu mwingine, siyo aliyeijaza. Mwanao wa darasa la saba anatosha. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Fomu hazilipiwi, na kishoka akijigamba ana mtu wake ndani anayetaka "chai", piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure.

Kama uongo umeshaingia, njoo mwenyewe useme kabla hatujaugundua. Mama wa minofu tulimpa fomu mpya. Aliisoma mstari kwa mstari, watu nyuma yake wakiguna, akaandika "nimeacha kumuuguza mama", kisha akaomba taarifa ya michango yake.