Roho kama programu ya kompyuta: maana ya ulinganisho huu na mahali unapogoma

Arusha na Moshi utausikia mimbarini, na utausikia pia kwenye meza za mafundi simu: mwili ni kompyuta, roho ni programu, mtu akifa, kompyuta imeharibika ila programu imetoka salama. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo imefikiriwa vizuri na ina watetezi wakubwa. Sehemu ya mwisho inapingana na jinsi programu zinavyofanya kazi, na fundi yeyote anaweza kuonyesha kwa nini.

Simu iliyozima ikifika mezani, fundi huanza na umeme. Betri ya litiamu ina kawaida ya volti 3.7 hivi, ikijaa hufika karibu 4.2, na ikishuka chini ya 3 simu nyingi hazitawaka. Betri ikiwa nzima, anahamia kwenye tundu la chaji, kisha bodi. Lakini simu ikiwaka na kuganda kwenye nembo, anashuku programu, naye anaiflashi: anatafuta faili la modeli ileile, anaunganisha waya, anaiandika upya memori. Akikosea modeli, simu inaweza kutowaka tena kabisa.

Sasa, kilichoandikwa ni nini? Ndani ya memori kuna mabilioni ya vyumba vidogo mno, kila kimoja kikiwa kimenasa elektroni, yaani chembe za umeme, au kimeziachia. Mpangilio huo ndio programu. Kabla ya kufika hapo ilikuwa kwenye diski ya kompyuta ya fundi, ikapita wayani kama volti zinazopanda na kushuka. Hapakuwa na hatua hata moja ambapo programu ilielea peke yake, bila kitu cha kuibeba. Nakala zote zikifutwa, haikwenda mahali; imekwisha. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha kwamba roho huishi bila mwili ameazima mfano unaosema kinyume chake. Hilo halimaanishi kwamba roho haiwezi kuishi bila mwili. Maana yake ni kwamba kompyuta haiwezi kuwa shahidi wa jambo hilo.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huiruka. Programu iliyohifadhiwa na programu inayotembea ni vitu viwili. Zima simu: yaliyokuwa kwenye memori ya muda yanapotea, yaliyohifadhiwa yanabaki. Hapa mfano unafaa sana. Mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi chumba cha upasuaji pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, hafikirii lolote, lakini akizinduka anamtambua mkewe, anajua Kichaga chake, anakumbuka deni lake la saruji. Kilichosimama ni fahamu. Kumbukumbu zilibaki kwenye viungio kati ya seli za neva. Damu ikikatika ubongoni, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika 4 au 5 hivi bila oksijeni viungio na seli zenyewe huanza kufa. Hapo ndipo hasara inapokuwa ya kudumu. Anayesema roho ni programu inabidi aseme ni ipi kati ya hizo mbili: ile iliyoandikwa au ile inayotembea.

Wazo lenyewe lina historia fupi. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alionyesha kwamba mashine moja, ikipewa maagizo sahihi, inaweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa. Katika miaka ya 1960 mwanafalsafa Mmarekani Hilary Putnam alilipeleka hilo kwenye nafsi: maumivu, imani au hamu vinatambulika kwa kazi vinayofanya, yaani kinachovisababisha na vinachosababisha, bila kujali vimetengenezwa kwa kitu gani. Kama programu moja inavyotembea kwenye simu mbili za kampuni tofauti, akili ileile ingeweza kutembea juu ya seli au juu ya silikoni. Putnam mwenyewe baadaye aliliacha wazo hilo, na mwaka 1988 alichapisha hoja zake za kulipinga. Bado ndilo linalobebwa na watu wengi bila kujua lilikotoka.

Ukiurudisha mfano kwa wazee wa falsafa, unaangukia upande ambao wahubiri wengi hawautarajii. Plato alifundisha kwamba roho ni kitu kamili kinachokaa mwilini na kuondoka. Descartes, mwaka 1641, alisema jambo linalokaribiana na hilo. Aristotle alikataa: roho kwake ni umbo la mwili ulio hai, ule utaratibu unaofanya nyama na mifupa viwe mtu. Programu ni utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo mfano wa kompyuta unamtetea Aristotle zaidi ya Plato. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13 aliyemfuata Aristotle kwa karibu, aliandika wazi kwamba roho yangu siyo mimi, na kwa sababu hiyo aliona ufufuo wa mwili ni wa lazima.

Hapo kuna nafasi nzuri kwa waumini, na ni huzuni kwamba haitumiki. John Polkinghorne, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuja kuwa kasisi wa Kianglikana, alieleza roho kama mpangilio wenye taarifa unaobebwa na mwili. Mwili ukifa mpangilio huo unavunjika, ila Mungu anaukumbuka, na atauvika mwili tena. Ukristo na Uislamu vyote vinafundisha ufufuo, kwa hiyo ukitaka mfano wa kompyuta msikitini au kanisani, huu ndio unaosimama: nakala iliyo salama kwa Mungu, mashine mpya siku ya kiyama.

Lakini neno nakala linaleta ugumu wake. Faili likinakiliwa mara mia, nakala zote ni sawa na hakuna ya kweli kuliko nyingine. Je, mpangilio wako ukiandikwa kwenye miili miwili, wewe ni yupi? Programu haina jibu, kwa sababu hailihitaji. Mtu analihitaji, maana ni mmoja tu anayedaiwa, aliyeoa, atakayehukumiwa. Hapa kwa maoni yetu ndipo mfano unapogoma kabisa.

Unagoma pia kwenye ubongo wenyewe. Kompyuta tulizo nazo zinafuata mpango ulioandikwa mwaka 1945 na John von Neumann: memori huku, prosesa (sehemu inayokokotoa) kule, maagizo yakisafiri katikati. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kujifunza ni kubadilika kwa viungio vilevile vinavyofanya kazi. Hakuna faili la kutoa. Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana seli za neva 302; ramani ya viungio vyake ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo ramani hiyo peke yake haijatosha kueleza kila anachofanya.

Kuna suala la kuelewa pia. Mwaka 1980 mwanafalsafa Mmarekani John Searle alimweka mtu, kimawazo, ndani ya chumba akiwa na kitabu cha kanuni za kupanga herufi za Kichina. Maswali yanaingia, majibu sahihi yanatoka, na mtu wa ndani haelewi Kichina hata neno. Kufuata kanuni, alisema Searle, hakutoshi kuleta maana. Wengine hujibu kwamba chumba kizima ndicho kinachoelewa. Mabishano hayajaisha.

Mahali ambapo kauli hii inaumiza watu ni kwenye ugonjwa. Mtu akianza kuanguka na kutetemeka, jirani atasema programu imeingiliwa, maana yake mapepo, na hospitali inaachwa kwa kuwa hospitali hutengeneza mashine tu. Kaskazini mwa Tanzania, Mbulu ikiwamo, sababu mojawapo ya kifafa ni mayai ya tegu wa nguruwe. Kitimoto isiyoiva humpa mlaji mnyoo mkubwa wa tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi, na yakiingia mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, mboga au maji, lava huweza kufika ubongoni na kujenga vifuko. Ndiyo maana hata asiyekula nguruwe kamwe anaweza kuugua, na degedege la kwanza linaweza kuja miaka mingi baadaye. Hapo huwezi kusema ni programu wala ni mashine: kifuko ni nyama, lakini kinachobadilika ni fahamu, hofu na tabia ya mtu.

Sala iendelee, na mgonjwa apelekwe hospitali yenye kipimo cha CT, kinachopiga picha ya ndani ya kichwa. Asinunue albendazole, dawa ya minyoo, dukani na kuimeza kwa kudhani anaua minyoo tu, kwani vifuko vikifa ghafla ubongo huvimba na degedege huzidi. Daktari huitoa pamoja na dawa za kutuliza uvimbe, pale anapoona inafaa. Dawa za kifafa humezwa kila siku, hata mwezi ambao hakuanguka. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, na ikipita dakika 5 bado anatetemeka, tafuta gari.