Tiba ya sanaa, kama tunavyoifanya Lamu

Nikisema kazi yangu ni tiba ya sanaa, wengi hapa Lamu hudhani nafundisha kuchora. Sifundishi. Anayekuja kwangu si lazima ajue kuchora, kuchonga wala kutunga, na hakuna atakayempa alama. Kinachotibu ni kule kufanya. Mikono ikipata shughuli, moyo nao hupata upenyo wa kutoa kilichoujaa, na hutoa upesi zaidi mtu akiwa na mwenzake kando.

Aliyeipa tiba hii jina hilo la tiba ya sanaa ni mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, mwaka 1942. Kifua kikuu kilikuwa kimemlaza hospitalini, akawa anachora kitandani, kisha akawahimiza na wagonjwa wenzake wachore. Lakini huku kwetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa ameshamtungia bintiye utenzi akiwa hoi kwa maradhi. Haukupita muda mrefu akafariki. Utenzi haukumponya mwili, ila ulimpa njia ya kumwambia mwanawe yale ambayo wagonjwa wengi huondoka nayo kifuani. Mimi hiyo naihesabu tiba, na naisema bila kusita.

Sayansi nayo imeanza kupima. Mwaka 2016, huko Marekani, Girija Kaimal na wenzake waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu na karatasi za kubandika kwa dakika 45. Kwa karibu robo tatu yao kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na mfadhaiko, ilishuka, na hakukuwa na tofauti kati ya mzoefu na asiyewahi kushika kalamu ya rangi. Ni utafiti mdogo, usio na kundi la kulinganishia, kwa hiyo sitaubebesha zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo unakubaliana na ninayoyaona kila wiki.

Tuna kikundi cha kina mama wanaosuka ukili, ule ukanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Miyaa hulowekwa kwanza ili isikatike, kisha kila mmoja huketi na wake. Mama mmoja, ambaye mwanawe ameingia kwenye unga wa kulevya, alikuwa akija na kuondoka bila kusema zaidi ya salamu. Ukili wake aliubana mno hata ukawa unajikunja pembeni. Bibi aliyeketi naye hakumuuliza habari za mwana. Alimwambia tu, “Legeza kidogo, mwanangu, usiuvute hivyo.” Akalegeza. Wakasuka weee, kisha yule mama, macho yake kwenye ukili, akasema, “Ameniuzia sufuria zote, bibi.” Bibi hakuinua uso. “Wangu aliuza mlango,” akamjibu.

Mimi sikutia neno. Ushauri nasaha wa ana kwa ana una faida zake, lakini kwetu watu wa sitara, kumkazia mtu macho ukamwambia “nieleze matatizo yako” ni kumvua nguo. Wakikaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja akitazama kazi yake, aibu hupungua. Mwendo wa vidole unaojirudia hutuliza pumzi. Na mtu ambaye nyumbani hana tena amri juu ya lolote, hapa ndiye anayeamua: upana huu, rangi hii, nianzie hapa. Uamuzi mdogo kama huo nimeuona ukimrudisha mtu kwenye uhai wake. Nguvu ya namna hiyo naiona hata kwenye maulidi pale Msikiti wa Riyadha, safu za watu zikiyumba pamoja kwa mdundo wa twari, zile ngoma ndogo za mkononi. Anayeyumba na wenzake hawezi kuwa peke yake saa ile.

Vijana wanaojinasua na unga hupendelea kuchonga. Mwanzoni mikono hutetemeka, kwa hiyo tindo pana na ubao laini. Nakshi ndogondogo baadaye. Kijana mmoja alichonga mnyororo kuuzunguka ubao mzima. Mwenye haraka angesema huo ni utumwa wa unga. Nilimuuliza ni nini, akaniambia ni nakshi ya kasha la nyanya yake. Tukaanzia hapo, kwa nyanya aliyemlea, ambaye alikuwa hajathubutu kwenda kumwona. Nawasihi wenzangu wa fani hii: msiwafasirie watu kazi zao. Aliyechonga ndiye mwenye maana yake.

Sanaa haichukui nafasi ya dawa. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayezungumzia kujiua, au anayetapika na kutetemeka kwa kuacha unga, apelekwe hospitali leo leo. Sanaa atakutana nayo akishatulia.

Na kama una mtu nyumbani ambaye huzuni imemfunga kinywa, anza na kazi ambayo mikono yake inaijua tayari, iwe kofia, ukili au hina. Kaa kando yake na wewe ushike yako. Usimhoji, na usipige picha ya kazi yake ukairusha kwenye WhatsApp ya ukoo. Ikiisha ni yake: akitaka kuiuza, kuitunza au kuifumua yote aanze upya, mwachie.